Kipumulio cha Marehemu Alphonce

Leonia anauza mawese soko la Mwanga, meza ya tatu kutoka kwa washona nguo, na kwa uongo hana kipaji hata chembe. Akimwambia mteja kwamba mawese ni ya leo nayo ni ya wiki iliyopita, shingo inaanza kumwasha, macho yanakimbilia kwenye dumu, na mteja anacheka na kuomba apunguziwe. Wenzake wa sokoni humwambia, "Mama Nehemia, biashara hii utaifia maskini." Basi ni mwanamke huyohuyo aliyeudanganya ukoo mzima wa mumewe kwa miaka sita, wakubwa kwa wadogo, mbele ya katekista, na asishukiwe na mtu. Mungu ana mambo yake.

Uongo wenyewe ulikuwa mmoja tu, tena mfupi. Siku ya kuanua tanga la mumewe aliulizwa kama anajua kipumulio kiko wapi, akasema, "Sijakiona."

Mumewe, Alphonce, alikuwa mpiga mbizi. Si wa kubana pua na kujitosa kama watoto wa ufukweni Kibirizi. Alikuwa wa mtungi wa hewa mgongoni, akikamata wale samaki wadogo wa rangi rangi wanaoishi kwenye miamba, ambao watu wa mbali hutoa fedha nyingi ili wawaweke ndani ya kioo sebuleni na wasiwale. Wazee wa kwao Mwandiga wamekufa hawajaamini kwamba kuna mtu mwenye akili zake anayenunua samaki asimle. Miaka kumi na sita Alphonce alizama Tanganyika, ziwa lisilo na mzaha na mtu, na kila jioni akarudi nyumbani anauliza ugali. Halafu Jumamosi moja akaenda Mwandiga kumsaidia kaka yake kukata chikichi, akapanda mchikichi mmoja ambao hata haukuwa mrefu, akadondoka, na hospitali hakuifikia. Leonia, aliyekuwa amesali miaka yote hiyo Mungu amkinge mumewe na maji, hakujua sasa amlaumu nani. Mawese aliendelea kuyauza. Mtoto alikuwa shule, na ada haingoji machozi yakauke.

Vifaa vya kuzamia vilikuwa mali ya Alphonce mwenyewe, alivinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Na aliyevigawa siku ya tanga ni Erasto, kaka mkubwa wa marehemu, mkulima wa Mwandiga na mwenyekiti wa kigango, mtu wa haki sana. Haki yake ndiyo iliyoharibu kila kitu. Desturi inasema nguo za marehemu zigawiwe ndugu, kila mmoja apate cha kumkumbukia. Erasto akatazama yale yaliyotandazwa juu ya mkeka: nguo ya mpira, miwani ya kuzamia, mapezi ya miguuni, mkanda wenye vipande vya risasi vya kumvuta mzamiaji chini. Yeye akaona nguo, miwani, viatu na mkanda. Akagawa.

Nguo ya mpira akampa Onesmo, mpwa wake, dereva wa bodaboda. Miwani ikaenda kwa Angelina, dada wa marehemu na mama wa huyo Onesmo, mwenye mgahawa Ujiji, kwa sababu macho yake yalikuwa yanamsumbua na moshi. Mapezi yaligombaniwa na wajomba wawili ambao hawajawahi kukubaliana hata juu ya siku ya wiki, basi Erasto akampa kila mmoja mguu wake, na wote wakaridhika, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Mkanda ukaenda kwa binamu mvuvi. Mtungi wenyewe hauvaliki, kwa hiyo Erasto akauombea kigango chake, ukawa kengele. Nehemia, mtoto pekee wa marehemu, wakati huo kidato cha tatu, alipewa saa ya mkononi ambayo ilikuwa imekwisha kusimama.

Kikakosekana kitu kimoja, kipumulio: ule mpira mrefu unaotoa hewa kwenye mtungi, wenye kidude mwishoni ambacho mzamiaji anakiweka mdomoni na kukibana kwa meno. Kilitafutwa uvunguni, kikatafutwa darini. Leonia akasema hajakiona. Erasto akasimama, akanyoosha mkono, akasema, "Aliyekichukua kitu cha marehemu, Mungu amwone, na asipate raha mpaka akirudishe." Watu wakaitika amina. Aliyeitika kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Leonia, na kipumulio kilikuwa sokoni, ndani ya dumu tupu la mawese, kimeviringishwa kitenge.

Kuanzia hapo kilihamia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na kingekaa hapo mpaka siku ya kiama kama Nehemia asingerithi kichaa cha baba yake. Mwaka huu, akiwa na miaka ishirini na mitatu na hana kazi ya kueleweka, kampuni moja ya samaki wa mapambo ilifundisha vijana sita kuzamia. Akaenda. Akafaulu, akapewa kadi yenye picha yake, akailaza juu ya meza ya chakula mama yake aione. "Kazi ninayo, mama," akasema. "Naanza Jumatano ya wiki ya tatu kutoka sasa. Ila kila mzamiaji anakuja na vifaa vyake, au akodi."

"Si ukodi basi," Leonia akasema.

Hapo ndipo penye tatizo. Anayekodisha vifaa mjini ni Bonifasi, mzamiaji mstaafu, ana chumba chake karibu na bandari kimejaa mitungi na mapezi. Huyo bwana anakodisha kila kitu mpaka soksi za mpira, isipokuwa kipumulio. Nehemia alimbembeleza mpaka akachoka. "Kile kinaingia mdomoni, kijana," Bonifasi alimwambia. "Wewe umeshaona wapi mtu anakodisha mswaki? Tafuta chako, hivyo vingine njoo uchukue." Na kipumulio kipya bei yake ingemeza mawese ya Leonia ya miezi mingi, na bado kingeagizwa kutoka mbali. Kampuni nayo ilikuwa na vijana wengine wanaongoja nafasi. Usipofika Jumatano umejifuta mwenyewe.

"Nitakusanya vya baba," Nehemia akasema. "Kipumulio lazima kiko kwa mmoja wao. Kitu hakiwezi kuyeyuka."

"Nenda mwanangu, Mungu akutangulie," Leonia akasema, akaanza kujikuna shingo. Mtoto alipotoka aliingia chumbani, akavuta sanduku, akahakikisha kipo. Kilikuwepo.

Msinione namsema vibaya mama wa watu. Ukimsikia hivi utadhani alikificha kwa kumwogopea mtoto ziwa, na hilo lingekuwa jambo la kusifiwa, hata padri angelisamehe kwa haraka. Yeye mwenyewe alijaribu kujiambia hivyo kwa siku mbili tatu. Haikuwa kweli na alijua si kweli. Ziwa alishalizoea. Sababu yenyewe ilikuwa ndogo na ya aibu, na alikuwa hajawahi kumwambia mtu.

Nehemia akaanza safari zake za ukoo. Kila jioni alirudi mikono mitupu na hasira mpya. Onesmo alikutwa amevaa nguo ya mpira juu ya pikipiki, ameikata mikono na miguu, anasema ni nzuri sana kwa mvua, ingawa wenzake kijiweni walikuwa wanamwita Kambare. Kwa shangazi Angelina miwani ilikuwa kazini: anaivaa akipuliza jiko na akikata vitunguu, machozi hayamtoki tena, ila kwa kuwa ile miwani inaziba na pua, hasikii harufu ya wali ukiungua. Wateja wake walikuwa wamekwisha kuzoea. Pezi la kushoto lilikuwa kipepeo cha mkaa kwa muuza nyama choma, mjomba alimpa kwa mkopo. La kulia lilikuwa limetundikwa ukutani kwa mjomba mwingine, chini ya picha ya Bikira Maria, na mjomba akataka kujua kwanza kama mwenzake amekubali kutoa la kwake. Risasi za mkanda ziliyeyushwa zamani zikawa uzito wa nyavu, na nyavu zimeshaibiwa.

Mtungi ndio uliomtoa jasho. Alifika kigangoni Mwandiga siku ya kwaya, akauteremsha mbele ya waimbaji, mama mmoja akamuuliza kama amebadili dini. Akaubeba kwenye pikipiki mpaka kwa Bonifasi. Bonifasi akaupapasa ule mtungi uliopigwa nondo miaka sita, asubuhi na jioni na misa zote za sikukuu, akachukua hatua mbili nyuma. "Nikijaza hewa humu," akasema, "wewe na mimi tutawahi mbinguni kabla ya waumini wenu." Ukarudishwa Mwandiga ukaendelea kumtumikia Bwana.

Zikapita wiki mbili. Vya kukodi vilikuwa tayari kwa Bonifasi, vimewekwa kando na karatasi yenye jina la Nehemia. Kipumulio hakipo. Sasa watu wakitafuta kitu wasikipate, huanza kutafuta mwizi, na mwizi haadimiki. Mtu akakumbuka kwamba Onesmo ndiye aliyeondoka wa kwanza siku ile ya tanga, na begi. Mwingine akakumbuka kwamba miezi michache baadaye alinunua pikipiki yake mwenyewe. Nehemia, ambaye siku zote amekuwa mtoto mpole, akatamka mbele ya watu kwamba binamu yake aeleze alikopata fedha. Maneno yakafika Ujiji kwa Angelina siku hiyohiyo. Ubaya ni kwamba Onesmo alikuwa ametoa posa mwezi huohuo, na baba wa binti anasali kigango kilekile cha Erasto. Mzee yule akatuma ujumbe wa heshima: posa anaishikilia kwanza, mpaka ukoo umalize mambo yake.

Erasto akaita kikao Jumapili baada ya misa, nyumbani kwake. Kila aliyepata kitu siku ya tanga aje. Onesmo atashika Biblia, na laana itasomwa upya juu ya kichwa chake.

Jumapili hiyo asubuhi Leonia alifungua sanduku, akakitia kipumulio ndani ya kikapu, akaweka kitenge juu, na juu ya kitenge chupa mbili za mawese za kumpelekea shemeji. Akajiambia kwamba anakipeleka tu, si kukitoa.

Walikaa kwenye viti vya kukunja vya kigango. Onesmo alikuwa amevaa shati jeupe. Angelina, mama yake, hakukubali hata kukaa.

"Mwanangu si mwizi!" akasema. "Kaka, unamjua huyu tangu anatambaa. Alichopewa ni nguo, na nguo yenyewe imemfanya kichekesho mji mzima!"

"Hakuna aliyesema mwizi," Erasto akasema. "Ndiyo maana kuna Biblia. Ashike, tumalize, tule."

"Shangazi, mimi nimesema aeleze tu," Nehemia akasema, hatazami mtu.

"Wewe nyamaza! Baba yako angekuwepo angekuchapa makofi!"

Onesmo akanyoosha mkono. Leonia akamtazama yule kijana, akaona midomo imemkauka. Akasimama.

"Mwacheni," akasema. "Ni mimi. Ninacho mimi."

Halafu, jamani, hawakumwamini! Angelina mwenyewe ndiye aliyemwendea, akamshika mabega kwa huruma. "Wifi, ahsante, lakini usijitwike dhambi ya mtu mwingine. Hebu jione, unajikuna shingo. Uongo huuwezi wewe." Wajomba wote wawili wakatikisa kichwa kukubali, mara ya pili katika maisha yao. Erasto akasema, "Kaa chini, shemeji. Una roho nzuri, tunajua."

Leonia akatoa chupa za mawese kikapuni, akaziweka chini. Akatoa kitenge. Akakifungua juu ya meza, kando ya Biblia.

"Mawe wee, mama yangu!" Angelina akasema, akakaa.

Erasto alikitazama muda mrefu. "Uliitikia amina," akasema. "Nililaani mbele ya watu arobaini, ukaitikia amina. Nilikusikia, ulitushinda wote."

"Niliitikia, shemeji."

"Ulijua inakuangukia wewe?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini? Cha kuuza hukuuza. Cha kumpa mtoto hukumpa. Mtoto anazunguka wiki mbili, anateremsha kengele ya Bwana mbele ya kwaya, wewe unamwambia Mungu akutangulie?"

Nehemia alikuwa anamtazama mama yake kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama nayo. Leonia akakigeuza kile kidude cha mwishoni, akaonyesha mpira wa mdomoni. Ulikuwa mweupe zamani, sasa umekuwa wa njano. Pembeni, kushoto na kulia, panapobanwa na meno, palikuwa na vishimo vidogo, vimezama ndani kabisa. Miaka kumi na sita ya kung'atwa.

"Ni meno yake," akasema. "Nguo mlichukua, sawa, ni desturi, nami sikusema neno. Picha ninayo moja, na hiyo amefumba mdomo. Hapa ndipo alipobaki. Sikutaka mdomo mwingine uguse. Ni ujinga, najua."

Erasto akakivuta karibu. Alikuwa ameshatayarisha maneno, ungeweza kumwona ameyashika mdomoni: faini, mbuzi, kumwomba radhi Onesmo, kukanywa mbele ya ukoo. Kidole chake kikapita juu ya vile vishimo upande wa kulia, kimoja kimoja, halafu upande wa kushoto, kikasimama.

"Hapa, mahali pamoja, hapana alama," akasema.

"Ndipo penye pengo," Leonia akasema.

"Najua penye pengo." Akakohoa. "Jino hili nililing'oa mimi. Tulikuwa tunachunga mbuzi za baba, akaniambia mimi ni mwoga, nikamtandika. Alinifichia. Alimwambia mama kwamba ameanguka kwenye jiwe."

Hakuna faini iliyotozwa. Erasto alisoma sala ya kuondoa laana kwa haraka na kwa sauti ya mafua, akaruka mstari mmoja, hakuna aliyemrekebisha. Onesmo akaombwa radhi na kila mtu, akasema amesamehe, ila mtu amwendee baba mkwe leo hiihii kabla ya jua kuzama, na Erasto akaenda mwenyewe, kwa miguu. Nehemia hakumwambia mama yake kitu mpaka walipofika Mwanga. Mlangoni ndipo Leonia alipomkabidhi kile kifaa, mikono miwili, kama anavyotoa sadaka.

"Kichukue, mwanangu," akasema. "Nilikukosea sana. Baba yako angetaka kikae mdomoni mwako kuliko kukaa kwenye sanduku langu."

Nehemia alikipokea, akamkumbatia, wakalia wote wawili pale mlangoni, na jirani mmoja akaja mbio kuuliza nani amefariki.

Hapo ningependa kunyamaza, maana ni pazuri. Lakini Jumanne alasiri Nehemia alirudi kutoka kwa Bonifasi, amechangamka, anaingia sokoni anapita katikati ya meza akiwa amekinyanyua kile kipumulio juu watu wakione. Leonia alikuwa anamimina mawese kwenye chupa ya mteja.

"Mama, kimepona! Bonifasi kakifungua chote, kakisafisha, kabadilisha vipete vya mpira vya ndani, tumekijaribu kwenye maji, kinapumua safi kabisa. Anasema baba alikuwa mtunzaji. Anasema chuma hiki kitanizika mimi!"

"Ashukuriwe Mungu," Leonia akasema, akajifuta mikono. "Hebu."

Akampa. Leonia akakigeuza. Mpira wa mdomoni ulikuwa mweusi, unang'aa, laini kila upande.

"Huu je?"

"Ah, huo ndio kitu pekee kilichokuwa kibovu," Nehemia akasema. "Ule wa zamani ulishatafunwa mpaka ukapasuka, ungenivujishia maji. Huwa haurekebishwi, unabadilishwa tu, ni kitu cha bei ndogo. Bonifasi aliubadilisha nilipotoka kununua soda." Kitu kikamjia usoni, polepole, kama mtu anayekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka. "Mama. Mama, niliuliza. Niliporudi na soda nilimuuliza ule wa zamani uko wapi, bila kuwaza. Alikuwa ameshauchoma pamoja na takataka za asubuhi."

Mteja aliendelea kushika chupa yake iliyojaa nusu. Leonia alitaka kupiga kelele, alitaka kumchapa makofi pale pale mbele ya washona nguo, na alitaka kucheka, maana baada ya miaka sita na laana na kikao, chuma chote kimebaki kizima, kimeondoka kile tu alichokuwa anakitaka. Akapitisha kidole juu ya mpira mpya, huku na huku. Mkono wa mtoto wake ulikuwa juu ya meza, umenyooshwa kungoja kifaa, na ndipo kwa mara ya kwanza tangu alete ile kadi yenye picha, Leonia alilifikiria ziwa, kina chake na giza lake, akaogopa.

Akamrudishia kifaa.

"Basi kaung'ate wewe," akasema. "Uung'ate sana, mwanangu. Na kila jioni urudi nao."